Tairi za mbele zinakataa kuzunguka: maswali yenu ya vigari vya rimoti

Mvua zimekata huku Mbeya, tope limeshageuka vumbi na watu wametoa vigari vyao chini ya vitanda. Naona wengi mmekuta tairi zimeisha maana meseji za mwezi huu karibu zote ni tairi na rimu, ya betri ipo moja tu na hiyo ntaijibu toleo lijalo, mwenye nayo asininunie.

Shikamoo kaka. Niko Uyole, nina Traxxas Slash ile ya kuvuta nyuma, shemeji aliniletea akitoka Marekani. Tairi zilibaki kipara nikaagiza seti ya tairi nne, zimeshavalishwa kabisa kwenye rimu, muuzaji akasema zinaingia kwenye Slash bila shida. Za nyuma zimekaa freshi. Za mbele sasa, nikikaza nati tairi haizunguki, nikilegeza inayumba kama baiskeli ya mlevi. Nimeliwa au kuna kitu sijafunga? Kuna jamaa ananishauri nijaze washa pale mbele, vile vibati vya duara vyenye tundu, ili zikae.

Marahaba mdogo wangu. Umeliwa nusu tu, tulia.

Chukua rimu yako ya zamani ya mbele uangalie pale katikati. Utaona beringi mbili, moja upande wa nje moja wa ndani, zimekaa ndani ya rimu yenyewe. Hiyo ekseli ya mbele haizunguki kabisa, ni chuma kimetulia pale, rimu ndo inazunguka juu ya beringi, sawasawa na gurudumu la mbele la baiskeli. Nyuma ni habari nyingine. Kule ekseli inazungushwa na mota kwa hiyo lazima iing'ang'anie rimu isiteleze, na kinachoing'ang'ania ni kale kadude ka pembe sita kanakokaa nyuma ya rimu, mafundi wanakaita heksi, na ndani yake kuna kapini kamepita katikati ya ekseli. Rimu ya nyuma ina shimo la pembe sita linalomeza hiyo heksi.

Wewe umeletewa nne zote za heksi, yani za Slash ya fo wili, maana ile inasukuma mbele na nyuma. Huyo muuzaji hajakudanganya moja kwa moja, Slash ni Slash, ila hakuuliza ipi na wewe hukusema, na hili limewakuta watu wengi mno kiasi kwamba mimi nikiona mtu anauza "za Slash" na haandiki za kuvuta nyuma au za fo wili huwa napita tu.

Cha kufanya: zile mbili za mbele usizirudishe, ziweke akiba ya nyuma, maana kwenye gari ya kuvuta nyuma tairi za nyuma ndo zinaliwa haraka, utazihitaji kabla ya Krismasi. Agiza mbili za mbele zilizoandikwa wazi ni za Slash ya kuvuta nyuma, na uulize kama zinakuja na beringi. Mara nyingi haziji. Usihangaike, zitoe zile za kwenye rimu za zamani, zisukume kwa bisibisi kutokea upande wa pili taratibu zinatoka zenyewe. Kama zinakwaruza ukizungusha kwa kidole basi nunua mpya, kipimo chake ni milimita 5 ndani na 11 nje. Ukishafunga, kaza nati mpaka mwisho halafu irudishe kidogo hadi tairi izunguke huru. Kuna jamaa alikushauri ujaze washa pale mbele ili hizo za heksi zikae, umeandika mwenyewe mwishoni mwa meseji. Usifanye. Rimu itakuwa inazunguka plastiki kwa chuma, siku mbili tundu limepanuka na hiyo rimu haitakufaa hata nyuma.

Na kwa kuwa mko wengi mnaotaka kuagiza, niseme hapa hapa. Rula ya shule inatosha. Toa tairi ya nyuma, pima heksi kutoka ubapa mmoja hadi ubapa wa pili, usipime kona kwa kona. Gari nyingi za kumi kwa moja, yani gari ya kweli imepunguzwa mara kumi, ni milimita 12. Zile kubwa za nane kwa moja ni 17, na kuna za katikati zina 14. Halafu angalia ukubwa wa rimu. Gari za aina ya Slash zina rimu ya ajabu kidogo, mdomo wa nje ni inchi 2.2 na mdomo wa ndani ni inchi 3.0, ndo maana utaona imeandikwa 2.2/3.0, na tairi ya rimu ya 2.8 haiingii pale hata uivute na ng'ombe. Halafu kuna kutokeza, yani rimu inatokeza nje kiasi gani kutoka pale heksi inapokaa. Hiyo ikizidi, tairi inatoka nje ya bodi, gari inakuwa pana, haipinduki ovyo kwenye kona, lakini beringi zinabeba mzigo kwa mbali na tairi inakwangua bodi kila ikiruka. Watu wanapenda ule upana kwa picha. Mimi siupendi.

Angalizo dogo: ukitoa heksi kale kapini kanadondoka. Kangu kalipotelea kwenye nyasi kule Sae nikatafuta mpaka giza. Tandika kitambaa cheupe chini kabla hujafungua. Na ukikapoteza usikate msumari, msumari ni chuma laini unapinda ekseli ikivuta, kata shina la biti ya drili iliyochoka, lile ni gumu.

Habari za kazi fundi. Mimi niko Tukuyu, kwetu mvua haina adabu unajua mwenyewe. Nataka tairi moja nitakayoendeshea hapa nyumbani kwenye tope, na nikienda Mbeya mjini kwa kaka yangu niendeshee kwenye vumbi, na barabara ya lami pia. Nichukue kashata gani, yani yale meno ya tairi?

Tairi moja ya tope, vumbi na lami ni kama kiatu kimoja cha shambani, harusini na mpirani. Unaweza, ila kote utaonekana wa ajabu.

Tuanze na kwenu. Ardhi ya Rungwe ni ile ya volkano, ikilowa inanata kwenye kila kitu. Kwenye tope la hivyo adui ni tope lenyewe kujaa katikati ya kashata, likishajaa tairi inakuwa duara laini kama chungu, inazunguka tu na gari haiendi. Kwa hiyo unataka kashata ndefu zilizoachana, nafasi kubwa kati ya moja na nyingine ili tairi ikizunguka kwa nguvu itupe tope nje. Na usitafute tairi pana, watu wanakosea hapa. Nyembamba inachana tope inafika kwenye udongo mgumu chini, pana inaelea juu inateleza.

Sasa beba hizo hizo tairi uzilete Mbeya mwezi wa nane, ardhi ngumu kama sakafu na juu ina kavumbi kembamba. Zile kashata ndefu hazina cha kuchimba, zinasimama kwenye ncha kama mtu kavaa viatu vya mpira wa miguu kwenye marumaru, zinapinda na gari inaenda mrama. Pale unataka vijino vifupi vingi vilivyokaribiana na raba iliyo laini kiasi, vijino vinapenya lile vumbi vinagusa ardhi na raba laini inashika. Kwenye ardhi kavu raba ina kazi kubwa kuliko kashata, ila watu wananunua kwa macho, wanataka ionekane ya kutisha.

Lami ndo inaua tairi. Raba laini ya vijino kwenye lami inaisha unaiangalia, ukikimbiza sana wikiendi mbili tu katikati kumebaki kipara. Kama lami ni ya mara moja moja kupita tu sawa, kama ndo mchezo wenyewe nunua seti ya pembeni ya raba ngumu yenye kashata za chini, na kama mota yako haina brashi tafuta zenye mkanda ndani. Tairi isiyo na mkanda ikizunguka kasi inavutika inapanda juu kama chapati inayofura, inabaki kugusa barabara kwa katikati tu, ndo maana unaona gari imenyooka vizuri halafu ghafla inakata kona yenyewe.

Ningekuwa wewe: seti ya tope ya Tukuyu, seti ya vijino ya Mbeya, zote kwenye rimu zake, unabadilisha nati nne basi. Rimu ukizipata zilizotumika siyo hela nyingi, kubandua na kubandika tairi kila safari ndo gharama.

Kamwene kaka! Niko Mafinga. Nimeiwekea gari yangu tairi kubwa imependeza balaa, imekuwa kama lori la magogo. Shida ikikimbia dakika tano mota inachemka mpaka inanuka, na betri zamani ilikuwa inakaa dakika ishirini sasa hivi kumi haifiki. Ni mota mbovu? Zamani tairi ilikuwa sentimita 11 kwenda juu sasa ni 12 na nusu.

Kamwene! Mota nzima. Zima gari kabla haijawa mbovu.

Mi mwenyewe niliunguza mota hivi hivi na nilikuwa najiona fundi. Niliweka tairi kubwa nikapeleka gari kwenye vilima vya kuelekea Loleza, nikawa napandisha, inapanda vizuri tu naringa, nikaona kamoshi kadogo nikadhani vumbi. Ile harufu ya waya uliounguzwa ukishainusa mara moja husahau.

Kinachotokea ni hiki. Tairi ikiwa kubwa, kila mzunguko mmoja gari inaenda mbali zaidi. Ni sawa na kupandisha baiskeli mlima ukiwa kwenye giya nzito, unaenda lakini mapaja yanawaka. Mota haina pa kulalamikia, inavuta umeme mwingi zaidi kwenye betri, umeme unageuka joto, ndo maana mota inachemka na betri inaisha mapema, ni ugonjwa mmoja huo siyo miwili. Juu yake tairi kubwa ni nzito, na uzito uliokaa ukingoni mwa gurudumu ni mgumu kuuzungusha na mgumu kuusimamisha, kwa hiyo difu na ekseli nazo zinakula kichapo kila ukibonyeza mafuta na kila ukifunga breki.

Dawa siyo kutoa tairi, najua hutozitoa. Badilisha kale kagiya kadogo kalikofungwa kwenye shafti ya mota, weka kenye meno machache. Hesabu ni rahisi: umetoka 11 kwenda 12.5, kwa hiyo chukua meno uliyonayo zidisha kwa 11 gawa kwa 12.5. Kama una kagiya ka meno 21 unapata 18 na nusu hivi, chukua 18, usichukue 19, maana tairi zenyewe ni nzito na huko kwenu kuna vilima. Hakikisha kana meno ya saizi ile ile na giya kubwa ulilonalo, siyo idadi tu. Halafu ukifunga acha kanafasi kadogo, weka kipande cha karatasi ya daftari katikati ya giya mbili, sukuma mota ibane, kaza, toa karatasi.

Baada ya hapo kimbiza dakika tatu, simama, gusa mota. Ukishindwa kushikilia kidole kwa sekunde tatu bado ni moto sana, shusha tena. Mwenye ile bunduki ya kupima joto ya mafundi asivuke nyuzi 75 hivi. Ya fundi nasema, siyo ile ya kupima homa, ile inaishia arobaini na kitu utaambiwa mota haina malaria.

Na epuka kukimbiza kwenye yale maranda ya mbao ya huko kwenu. Yanaonekana laini ila tairi inazama, mota inavuta kama iko kwenye mchanga, na vumbi lake linaingia kwenye beringi.

Fundi pole na majukumu. Mimi niko Njombe. Nimebandika tairi kwa supa glu mara tatu na mara tatu zimebanduka upande mmoja, na nimepaka nyingi tu. Kwa nini?

Kwa sababu umepaka nyingi. Supa glu inafanya kazi ikiwa nyembamba, ikijaa nje inakauka ndani inabaki mbichi. Na tairi mpya ina kamafuta ka kiwandani kwenye ile midomo, glu inashika mafuta haishiki raba. Osha midomo ya tairi kwa sabuni ya vyombo, kausha, pangusa kwa spiriti, na rimu kwenye ule mfereji ikwaruze na msasa mwembamba. Valisha tairi na sponji yake, ile inayokaa ndani badala ya upepo, hakikisha mdomo umekaa mferejini kote, funga mpira wa kubania noti kuzunguka, halafu funua kidogo kidogo udondoshe tone, tone, tone. Upande mmoja, subiri, ndo ugeuze.

Halafu Njombe. Mwezi wa sita na wa saba huko kwenu asubuhi kuna baridi ya kutafuna mifupa, na supa glu kwenye baridi inachelewa kushika. Usibandikie barazani. Bandikia jikoni karibu na joto, siyo juu ya moto jamani, na uiache mpaka kesho yake kabla hujakimbiza.

Hizo zilizobanduka nusu usizivute kwa nguvu utachana raba. Zichemshe. Sufuria kuukuu, maji yanachemka, tumbukiza tairi na rimu yake dakika kumi na tano au zaidi, toa na koleo, bandua ikiwa bado ya moto ukiwa na glavu. Huku juu maji yanachemka kabla ya kufika 100, Mbeya mjini yanachemkia kwenye 94 hivi, kwa hiyo nyie wa nyanda za juu mkisoma maelekezo ya watu wa pwani ongezeni dakika. Na sufuria hiyo isirudi jikoni, mama mwenye nyumba asije akanitafuta.

Niko Iringa mjini, nina kigari cha kupanda miamba. Nimeona rimu za pete zinazofungwa kwa skrubu, hazitaki glu. Ni nzuri au mbwembwe tu?

Kwako wewe ni nzuri. Kigari cha miamba kinaenda polepole, uzito wa zile pete na skrubu haukiumizi, tena uzito ukiwa chini kwenye magurudumu, hasa ya mbele, kinapanda vizuri hakipinduki kwa nyuma. Na utabadilisha sponji mara kwa mara ukijaribu laini na ngumu, bila glu ni kazi ya nusu saa. Iringa mmejaliwa mawe mpaka mnayachoka, Gangilonga hapo juu tu, chukua raba laini kabisa na sponji laini ili tairi ijikunje kwenye jiwe ilikumbatie. Kwenye gari ya mbio usiweke hizo pete, ni nzito bure na skrubu zinalegea.

Tunaenda Matema kupumzika na watoto, gari ni ya kuvuta nyuma. Mchanga wa ziwani itaweza?

Na tairi za kawaida itajichimbia kaburi. Zipo zenye makasia badala ya kashata, vibao vinavyosimama kukata mchanga, hizo unaweka nyuma tu. Mbele weka zenye mistari ya kuzunguka ili usukani ushike. Mota itapata joto kama nilivyomwambia wa Mafinga kwa hiyo dakika chache chache. Na usisogee pale maji yanapopiga, sponji ikinywa maji tairi inakuwa na kilo zake. Likishatokea ziba vile vitundu vya hewa vya rimu kwa selotepu, toboa vitundu viwili vidogo kwenye raba yenyewe katikati ya kashata, kimoja mkabala na kingine, ukizungusha maji yanajitupa nje.

Mimi ni mwanafunzi fomu tuu hapa Mwanjelwa. Sina hela ya tairi. Naweza kukata kandambili nizifanye tairi, na ndani nikaweka sponji ya godoro?

Wote tumeanzia kwenye gari za kandambili, usione aibu. Kandambili inafaa kama gari yako ni nyepesi na ya polepole: kata miduara miwili miwili, bandika iwe minene, kisha toboa katikati kwa bomba la chuma lililonolewa, mduara utoke sawa. Haina kushika kwenye tope na kwenye gari yenye mota ya nguvu itapasuka dakika ya kwanza, kipande kikikurukia jichoni utanikumbuka.

Sponji ya godoro ndani ya tairi ya kweli inawezekana kwa gari ya polepole, ila inakunywa maji na inalala haraka. Kwenye gari inayokimbia tairi itajikunja kwenye kona, rimu iguse chini, ivunjike. Afadhali utoe sponji iliyo hai kwenye tairi kipara anayotupa mtu, sponji haiishi haraka kama raba. Yule wa Uyole hapo juu ana nne za kutupa, nimeshamwandikia azilete.